Mhariri, hayo "majani ya homa" hayatibu malaria yetu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka huku mwisho wa reli. Naandika kuhusu ile barua mliyoitoa wiki mbili nyuma kwenye ukurasa wa afya, ya msomaji aliyeusifia mmea wa kinamasi wa Ulaya, Menyanthes trifoliata, wenye majani matatu, mchungu kama nyongo, akasema unatibu homa na kwamba hata huku kwetu kwenye matope ya Malagarasi umejaa tele ni sisi tu hatujui kutumia mali zetu. Mi nina duka la dawa muhimu hapa Mwanga, Kigoma, dogo tu, kabati mbili na benchi la wateja kukaa, na tangu gazeti lile lifike nimeulizwa hayo majani kuliko nilivyoulizwa Panadol. Nikaona niandike, maana nikinyamaza itaonekana na mi nauza.

Kwanza niseme mmea wenyewe upo kweli, sijaja kubisha kwa kubisha tu. Tena mi nimeuonja. Mwezi wa tatu mwaka huu jirani yangu alipokea mzigo toka kwa mdogo wake aliyeko Hamburg, ndani mna nguo za watoto, chokoleti zilizoyeyuka zikaganda upya, na pakiti ya karatasi ya kaki imeandikwa Fieberklee. Akaja nayo dukani jioni, "Kaka, we ndo mtu wa dawa, hebu nisomee hii." Nikampa mwanangu simu akatafsiri, Fieber ni homa, Klee ni yale majani ya malisho ya mifugo yanayotoka vijani vitatu vitatu. Basi hapohapo ikapata jina, majani ya homa. Na mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi anasubiri dawa zake za presha akamalizia kabisa, akasema Mjerumani huyuhuyu ndo kaleta reli hapa 1914, stesheni yake ileee bado imesimama, na meli ya Liemba waliizamisha wenyewe vitani ikaja ikaibuliwa ikapiga kazi tena, sasa mtu wa namna hiyo akiandika dawa ya homa we muuza duka ni nani ubishe? Tulicheka wote, lakini nawaambia ndo hoja iliyoshinda jioni ile.

Tukachemsha maji. Majani yenyewe yalikuwa makavu, yamekatwakatwa, kijani kinachoelekea ukijivu, na vikonyo vyepesi ambavyo ukivibonyeza vinanywea kama sponji, si unajua mmea wa kwenye maji unavyokuwa na hewa ndani. Harufu karibu hakuna, kama nyasi za kuezekea. Nikatia kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe, nikafunika, nikangoja dakika kumi. Nikipiga funda la kwanza naona mbona kawaida tu, alafu ikaja kwa nyuma, kwenye shina la ulimi, ikakaza, ikashuka kooni na ikakaa hukohuko haitoki, nilikula kipande cha muhogo bado naisikia, nikanywa maji ndo kwanza ikaamka. Mwarobaini nimekunywa, shubiri nimelamba nikiwa mtoto nikiachishwa kunyonya kama wengi wetu, klorokwini ndo usiseme, ila hii ina uchungu wake, msafi, hauna ukakasi. Mama yake jirani yangu, bibi wa watu, akapokea kikombe akaonja akafumba macho akasema, "Ehe. Hii ndo dawa."

Hapo kwa yule bibi ndo penye barua yangu yote, Mhariri. Hakuuliza inatibu nini. Kaonja uchungu, kaamini.

Sasa huo mmea ukoje. Kitaalamu unaitwa Menyanthes trifoliata, jina alilopewa na Linnaeus wa Sweden 1753, na hilo neno la pili maana yake ni hayo majani matatu. Waingereza wanafananisha majani yake na ya maharage, wakauita haragwe la kinamasi, ingawa na maharage hauna undugu wowote. Unaota kwenye maji ya kina kifupi, kando ya maziwa na kwenye kinamasi, Ulaya, Asia ya kaskazini, Marekani na Kanada, sehemu za baridi. Haufi kila mwaka, una mzizi mnene unaotambaa kwenye tope na kutoka nje juu ya maji, ikipishana mingi inakuwa kama mkeka unaoelea, ukikanyaga inatikisika. Kule Iceland walikuwa wanakata hayo matabaka ya mizizi wanamwekea farasi mgongoni chini ya mzigo asichubuke. Maua yake meupe, kwa nje yana uwaridi kidogo, na ndani yamejaa manyoya meupe kama pindo la shuka la kufuma. Nimeangalia picha zake mpaka bando limeisha.

Kwa matumizi wameutumia kweli, na muda mrefu. Watu wa kaskazini waliutumia kwa ajili ya kiseyeye. Visiwa vya Shetland waliuchemsha kwa ugonjwa wa manjano. Huko Ireland na Scotland walikunywa kwa tumbo, kwa majipu, kwa "kusafisha damu", kwa baridi yabisi, yaani kama ilivyo kwa kila mti wa bibi popote duniani, orodha ndefu. Sweden na Ujerumani wakautia kwenye bia pale hopsi, yale maua machungu ya bia, zilipokosekana, kwa sababu bia bila uchungu si bia. Na miaka ya njaa huko kaskazini kabisa wakachimba mizizi, wakakausha, wakasaga, wakaosha unga mara kadhaa uchungu utoke, wakachanganya kwenye mkate. Hapo nilicheka peke yangu dukani maana ni kama wanavyofanya mama zetu na muhogo mchungu, loweka, anika, twanga, watu wa Kigoma na watu wa kwenye theluji hawajawahi kuonana ila njaa imewafundisha mtaala mmoja.

Alafu Wajerumani wenyewe, hao wa pakiti, wana kamati ya wataalamu iliyopitia mitishamba mmoja mmoja kuona upi una kazi gani, inaitwa Kamisheni E. Mmea huu waliukubali kwa mambo mawili, kukosa hamu ya kula na tumbo kujaa au kusumbua baada ya chakula. Gramu 1.5 mpaka 3 kwa siku basi. Malaria haimo. Homa haimo, pamoja na kwamba jina lake kwa lugha yao ni homa! Na sababu ya hayo mawili inaeleweka, uchungu ukigusa ulimi mate yanatoka, tumbo nalo linaanza kutoa maji yake ya kusagia chakula, ndo maana unakunywa kama nusu saa kabla ya kula. Kipimo chao cha uchungu kinachekesha kidogo, dawa hii ili ikubalike inatakiwa gramu moja ukiitia kwenye maji lita 3 ulimi bado uisikie. Ukizidisha inakupeleka chooni na kukutapisha, na mwenye vidonda vya tumbo au anayeharisha haruhusiwi kabisa. Sasa niambie mtoto wa kwetu mwenye malaria kali, anatapika, anaharisha, unampa kitu cha kumwongezea kutapika.

Mtu ataniuliza, kama haitibu homa jina walilitoa wapi? Swali zuri, hata mi lilinisumbua usiku mzima. Kumbe zamani Ulaya nao walikuwa na malaria. Ndio. Uingereza kwenye mbuga za pwani ya mashariki, Uholanzi, Ujerumani ya kaskazini, mpaka Sweden na Finland, homa za vipindi, leo unatetemeka kesho mzima keshokutwa tena. Watu wakaona homa inatoka kwenye kinamasi, na dawa pekee iliyokuwa inaikata kweli ni magome ya mti wa sinkona toka milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambayo ni machungu balaa na bei yake ni ya matajiri. Basi akili ya binadamu ikafanya hesabu yake, kitu kichungu kinachoota kwenye kinamasi lazima ndo dawa ya homa ya kinamasi.

Hii sitoi kichwani. Kuna padri mmoja Mwingereza, Edward Stone, 1763 aliandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba alionja gome la mti wa wilo akakuta uchungu wake unamkumbusha sinkona, na akasema wazi kabisa kwamba mti ule unapenda sehemu chepechepe ambako ndo homa hizo zilipo, kwa hiyo dawa isingekaa mbali na ugonjwa. Akawapa watu kama 50. Wengi wakapata nafuu, na padri hakuwa mwongo, wilo ina kitu jamaa na aspirini, inashusha joto. Ila mdudu wa malaria haimgusi, anaendelea na shughuli zake. Kwinini yenyewe ikaja kutolewa kwenye gome la sinkona 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, na hapo ndo ikajulikana kwamba kinachotibu ni kitu maalumu kilichomo kwenye gome lile, siyo kila kitu kichungu. Huyo wa majani matatu naye nadhani alibeba jina la homa kwa hesabu hiyohiyo ya padri.

Na kuna kingine ambacho yule msomaji wenu hakukigusa, nacho ndo kinaua. Malaria ya Ulaya ile ya zamani ilikuwa hasa ya mdudu wa aina ya vaivaksi, inatesa, inarudi, ila mara nyingi inakuachia siku moja ukae vizuri na hatimaye inapoa yenyewe. Kwa hiyo ukinywa chai chungu leo jioni na kesho ni siku yako ya kupumzika, utaapa kwa Mungu chai imekuponya, na majirani wataapa na wewe. Huku kwetu karibu yote ni ya mdudu wa aina nyingine, falsiparamu. Hiyo haina siku ya kukusubiri. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuwa anacheza asubuhi na usiku anakakamaa.

Nimeona. Mtoto wa jirani huyuhuyu, wa kike, anakaribia miaka minne, ananiita babu na mi wala sijafika huko. Ijumaa akachemka, bibi akampa majani ya homa, kijiko na asali ya Tabora kidogo kupoza. Jumamosi akapoa, akaomba uji, nyumba nzima furaha, bibi akaja mpaka dukani kunitambia. Nikamwambia mama, nendeni zahanati wakampime tu, kutoboa kidole ni dakika ngapi, duka langu mi sipimi. Akasema ya nini tena mbona kapona. Jumapili saa kumi alfajiri wananigongea dirisha, mtoto macho yamegeuka. Bodaboda mpaka hospitali, akachomwa sindano za atesuneti, akalala siku nne, akatoka na dawa mseto ya kumalizia. Yuko hai, jana kavunja kioo cha kabati langu kwa mpira. Jirani yangu simlaumu, na yule bibi kabisa simlaumu, kakulia enzi ambazo kila dawa ya homa ilikuwa chungu na kweli ilifanya kazi. Klorokwini tuliimeza hivohivo mpaka 2001 serikali ilipoiacha kwa kuwa mdudu keshaizoea, ikaja SP, ile ya Fansidar, alafu mwishoni mwa 2006 ikaja mseto. Watu wa rika langu bado wanaamini kidonge kisichokunja uso hakijafika.

Na wala sisemi mitishamba ni upuuzi, msije mkanichapa kichwa cha habari cha hivo. Mkoa huuhuu una ushahidi mzuri kuliko huo wa Hamburg. Kule hifadhi ya Mahale, wilaya ya Uvinza, mwezi wa kumi na moja 1987, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto anaitwa Michael Huffman akiwa na mzee wetu Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtu wa hifadhi na mjuzi wa miti, walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku aliyekuwa mgonjwa, hana hamu ya kula, analala mchana. Wakamwona anakata matawi ya mjonso, anamenya gome anatupa, majani anatupa, anatafuna kile kiini cha ndani anafyonza maji machungu. Siku ya pili yake karudi kwenye hali. Mjonso ni ule ndugu zetu wa Kagera wanauita mubilizi, na Watongwe wanautumia kwa tumbo, minyoo na homa. Mzee Kalunde ndo aliyemwambia mtafiti huo ni dawa, asingekuwepo yeye yule mgeni angeandika sokwe kala jani. Ila angalia sokwe alichofanya. Hakutafuna kila kichungu. Kachagua sehemu, kaacha majani ambayo yana sumu zaidi, kala kiasi. Kwa wanadamu wa Mwanga naomba angalau uangalifu wa Chausiku.

Maana sasa nakuja kwenye kilichonifanya nikanunua bahasha. Baada ya barua yenu, vijana wawili wameanza kutembeza mafungu sokoni, shilingi elfu moja fungu, wanasema ni majani ya homa yametoka Luiche kwenye majaruba. Nikanunua moja. Lina vijani vitatu ni kweli, yana vinyweleo, yamekauka nusu, yana tope, na fungu lile kwa macho yangu lina mimea ya aina mbili siyo moja. Nikamuuliza kijana huu unaitwaje kwa Kiha akasema "mzee, ule wa kwenye gazeti." Hajui! Na wa kwenye gazeti hauoti Luiche wala Malagarasi, ule ni wa nchi za baridi, kinamasi chetu cha Malagarasi-Muyovozi ni kikubwa kweli, hekta 3,250,000, cha kwanza Tanzania kuingia mwaka 2000 kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda ardhi oevu, lakini ukubwa hauleti mmea wa Finland. Kilichopo kwenye mabwawa yetu ni binamu yake, wa ukoo uleule, wengi mmemwona mkadhani ni yungiyungi changa, vijani vya duara vinaelea, na viua vidogo vyeupe katikati njano, ukikisogeza karibu na jicho kina manyoya pembeni kama ndugu yake wa Ulaya. Huyo ana jani moja moja, siyo matatu. Yaani anayekwenda kinamasini kutafuta majani matatu amempita ndugu halisi akachuma mgeni asiyemjua, na kwenye kinamasi kuna mimea ya sumu na kuna mamba pia, tusisahau.

Naomba vitu viwili basi. Mtoe masahihisho, na myatoe ukurasa uleule wa afya, herufi zilezile kubwa, siyo pale chini karibu na matangazo ya vifo ambako masahihisho huwa mnayazika. Semeni tu kwamba mmea ule haupo nchini, kazi yake iliyokubalika ni hamu ya kula na tumbo, na mwenye homa akapimwe siku hiyohiyo. Na pili yule msomaji wenu, simjui na sina ugomvi naye, nadhani kapenda tu kushirikisha alichosoma, kama anasoma hapa apite Mwanga nimwoneshe hilo fungu, nimelining'iniza ukutani na karatasi imeandikwa USINYWE, wateja wanadhani ni hirizi.

Ile pakiti ya Hamburg iko kwangu, jirani aliniletea mwenyewe siku mtoto alipotoka wodini, kaiweka kaunta hakusema neno kageuka kaondoka. Sijaitupa. Yule mzee wa presha, wa stesheni na Liemba, alikuwa analalamika chakula hakimpandi tangu mkewe afariki, nikamuuliza vidonda vya tumbo unavyo, hana, nikamwambia amuulize na daktari wake wa presha akamkubalia, basi namchotea kijiko kidogo saa sita na nusu, anakunywa amekunja uso kama anasaini mkopo, na saa saba anakaa kwenye benchi langu na sahani ya mgebuka na ugali wa muhogo. Jana kaongeza.

Mwenye duka la dawa,
Mwanga, Kigoma